Majibu Yaliyofika kwa Baba

Asubuhi ya kliniki, dirisha la kadi la hospitali moja mjini Lushoto lilifurika kina mama, khanga zao mbichi kwa ukungu. Nassir, mtaalamu wa kompyuta kutoka Tanga, shati jeupe na viatu vya kung'aa, akapenya mbele.

"Foleni inaanzia kule, kaka," alisema Zakia, mkunga wa zamu.

"Siumwi, dada. Nimeletwa kupanga mfumo wa taarifa wa hospitali."

"Basi anza kwa kupanga foleni."

Akarudi nyuma kabisa, akasimama. Hapo ndipo Zakia alipompenda, asikudanganye mtu. Haukupita muda simu za usiku zikaanza kati yao.

"Umelala, laazizi?"

"Nitalalaje na hujanibembeleza?"

Mpango mkakati wa mfumo huo ulipokaribia kukamilika, Zakia alikubali jina lake litumike kwa majaribio. Mfumo ukachukua namba iliyokuwa kwenye kadi yake ya hospitali ya enzi za shule, nayo ilikuwa ya baba yake. Mzee Athumani yuko kwenye karoti zake, ujumbe ukaingia: majibu ya Zakia ya kliniki ya wajawazito yako tayari.

"Ni nani huyo mwanamume?" mzee aliuliza jioni ile.

Zakia aliapa, akalia, kisha akampigia Nassir.

"Ni majaribio tu, mpenzi. Nitamweleza mzee."

"Huku kwetu simu ni ya mume au ya baba. Na mwanamke ambaye majibu yake ni ya kweli, nani atamwelezea?"

Akakata. Hakupokea tena.

Siku ya kikao cha kupitisha mpango, Zakia aliingia na sare yake, bila kualikwa.

"Majibu yasitumwe popote mpaka mgonjwa mwenyewe aseme. La sivyo, kina mama wangu siwaandikishi. Mkitaka, nifukuzeni."

"Nesi, mpango umeshakamilika," alisema bosi wa Nassir. "Nassir, endelea."

"Siendelei," Nassir alisimama. "Kosa ni langu. Kipengele cha kutuma majibu nakifuta mbele yenu. Asiyetaka, atafute mwingine wa kuumalizia."

Mganga mkuu wa hospitali, aliyeongoza kikao, akasema liandikwe alilosema mkunga.

Nassir alimkuta Zakia kwenye ngazi.

"Nataka kukuoa. Nimpigie mzee?"

"Simu ya baba umeshaichokoza vya kutosha. Nenda mwenyewe, umpe shikamoo, umwombe radhi. Mshenga atafuata."

"Akinifukuza je?"

Zakia akamrekebishia kola ya shati.

"Utasubiri mlangoni. Kusimama foleni si unajua."