Waya wa Njano

Saa 2:40 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la kutengeneza redio. Watu watatu, meza moja, harufu ya risasi ya kuchomelea.

Fundi aliishika chipu kwa kibanio. Ndogo kuliko ukucha wake, yenye vijiguu vya chuma pembeni. Ingelala ikitumia betri ya saa ya mkononi mpaka iamshwe.

"Mguu wa pili unasikiliza," alisema. "Mdogo wangu akibonyeza kitufe chini ya meza yake ya ulinzi kwa sonara, chipu inaamka. Mguu wa tatu unasema. Kufuli la chumba cha dhahabu linaachia."

"Na wa tano?" Mjomba aliuliza.

"Hauna kazi. Nitaufunga, usile betri bure."

"Usiufunge. Nao useme. Dakika nne baada ya kufuli."

"Useme na nani, Mjomba?"

"Wa akiba."

Wa akiba! Fundi ni mwanamke ambaye humhoji mteja mpaka ataje aliyeiangusha redio, lakini safari hii aliinamia tena meza. Mjomba ndiye aliyewalea yeye na mdogo wake tangu mama yao afariki, na aliyekulisha humwulizi mara mbili. Akaupanga mguu wa tano uwe wa kutoa.

Kimya, dereva, alikuwa akitafuna karanga. Kazi zake zilikuwa mbili: kuendesha, na kumpigia Mjomba simu dakika ya tatu ikifika, kumwambia muda umekwisha.

Saa 6:55 mchana.

Sonara amefunga duka, kaenda kula. Ndani kabaki mlinzi wa mchana, mdogo wake Fundi. Gari limesimama ng'ambo ya barabara, Fundi na Kimya ndani. Mjomba, ndani ya ovaroli ya fundi bomba, anavuka na begi lake bila haraka.

Simu ya Fundi ikatetemeka.

"Dada, kila kitu tayari. Hata ule waya wa njano."

"Waya gani?"

"Wa mguu wa tano. Mjomba kaniambia niutie kwenye kisanduku cha geti la chuma. Ule wa zamani nikautoa."

Geti la chuma. Likishuka, halipandi bila ufunguo wa sonara. Dakika ya tatu Mjomba anatoka. Ya nne geti linashuka. Ndani anabaki kijana, kafungwa kamba kitini kama walivyopanga, chipu chini ya meza yake. Polisi wakishampata huyo, watamtafuta nani tena? Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Fundi aliibana simu sikioni. "Ung'oe huo waya! Sasa hivi!"

"Lakini Mjomba..."

"Ng'oa, nimesema!"

Kitu kikakwaruza upande wa pili. "Nimeung'oa. Huyo anaingia." Simu ikakatika.

Saa 7:00.

Fundi akashusha pumzi. Halafu akaukumbuka ufundi wake mwenyewe.

Loh! Kosa gani hili, kwa mtu mwenye miaka kumi na mmoja kwenye ufundi? Geti nalo lina mguu wake wa kusikiliza, na mguu wa kusikiliza hauachwi hewani. Ukiachwa wazi unasikia kila takataka inayopita: taa, mkono wa mtu, na zaidi ya vyote simu inayoita karibu. Waya wa zamani ndio uliokuwa ukiutuliza. Sasa hauna chochote.

Akainua simu amwambie mdogo wake arudishe. Kidole kikaganda juu ya namba. Kumpigia ni kulishusha geti kwa mkono wake.

Akafungua mlango wa gari. Kimya akamdaka mkono.

"Kaa. Utatuchoma."

"Niache! Geti litaanguka wakiwa ndani."

"Kaa, wewe." Akatazama saa yake. Saa 7:03. Akatoa simu.

"Usipige! Kimya, nakuomba, usipige!"

"Ndiyo kazi niliyopewa."

Akabonyeza.

Geti lilianguka kwa kishindo kilichomgeuza kila mtu mtaani. King'ora kikaanza kulia. Kimya akawasha gari. Fundi akamng'ata kiganja, akaruka nje, akakimbia kuelekea dukani.

"Mdogo wangu!"

"Dada, nilifanya ulivyosema!" Sauti ilitoka nyuma ya chuma. "Nimefungwa kitini, Dada."

"Najua. Kosa ni langu. Usiseme neno, unasikia? Hata moja."

Nyuma yake, gari lilikuwa limeshapotea.

Saa 7:20.

Sonara alifungua geti, polisi wakaingia. Mjomba alikuwa amepiga magoti, begi pembeni. Kijana alikuwa kitini, kamba mwilini, machozi mpaka kidevuni.

Mkubwa wa polisi akainua ile chipu. "Nani kaitengeneza hii?"

"Mimi," Fundi akasema. "Nimeitengeneza mimi, nimeitega mimi. Mlinzi hajui lolote."

Mkubwa akamgeukia Mjomba. "Eti? Huyu mlinzi si mwenzenu?"

Mjomba alimtazama kijana, muda mrefu. Neno moja tu lingetosha. Fundi alimkazia macho mzee yule, akamchukia, na kwa macho yaleyale akamwomba.

Mjomba akatema mate sakafuni.

"Huyo? Simjui."

Fundi akanyoosha mikono, afungwe pingu.