Mikebe Iliyonukia Waridi

Jumamosi asubuhi, kabla jua la Garissa halijaanza ukali wake, Hinda alikuwa ameshafika shuleni. Kila Jumamosi wanachama wa Klabu ya Biashara walipokea maziwa ya ngamia kutoka kwa mama yake, Osob, wakayachemsha, wakayapoza na kuwauzia majirani. Lakini hii haikuwa Jumamosi ya kawaida. Saa nne angekuja Bi Ruweyda, meneja wa hoteli moja mjini, kuonja maziwa yao. Akiyapenda, wangempelekea kila wiki. Akiyakataa, klabu ingefungwa, kwa kuwa majirani peke yao hawakutosha kuiendesha.

Moyo wa Hinda ulidunda kwa furaha. Alikuwa mwenyekiti, na uenyekiti ulikuwa umemkolea kweli kweli.

"Ramlo, osha mikebe kwa hii," aliagiza, akitoa sabuni ya kuogea yenye harufu ya waridi.

Yahye, mvulana mcheshi aliyekuwa akiwasha jiko, alishtuka. "Wallahi, Hinda, maziwa hushika harufu upesi! Kwetu Hadado nyanya yangu huosha chombo kwa maji ya moto, kisha hukifukiza kwa moshi wa kuni. Watu wanaupenda sana moshi huo."

"Hayo ni ya porini. Dunia imebadilika, Yahye. Kwani mwenyekiti hapa ni nani?"

Yahye akarudia kuwasha jiko. Ramlo akaosha mikebe kama alivyoagizwa, maziwa yaliyopozwa yakamiminwa humo.

Saa nne Bi Ruweyda akaingia, akawasalimu, akapokea kikombe. Alikunywa funda moja tu, uso ukamkunjamana.

"Subhanallah! Maziwa haya yametoka kuoga? Nani aliosha mikebe?"

Macho yote yakamgeukia Ramlo. Hinda alijua kwamba akinyamaza, lawama itamwangukia mwenzake. Kusema kweli, alitamani sana kunyamaza. Lakini alipomwona Ramlo akificha mikono nyuma, ile mikono iliyokuwa bado inanukia waridi, aliona haya.

"Ni mimi niliyemwagiza, eddo," alisema, akimwita shangazi kwa adabu. "Yahye alinionya, nikamnyamazisha. Tafadhali tupe nafasi nyingine. Mama analeta mtungi wa pili saa tano."

Bi Ruweyda alitazama saa yake. "Nina shughuli sokoni. Nitarudi saa saba, kisha basi."

Hapo klabu ikachangamka!

"Yahye, tuongoze wewe," Hinda alisema.

Yahye hakungoja kuambiwa mara mbili. Mikebe ikasuuzwa kwa maji ya moto, mara ya kwanza, ya pili, hata ya tano, mpaka waridi likasalimu amri. Kisha vijinga vya mgunga vilivyofuka moshi vikaingizwa ndani, mikebe ikafunikwa. Hinda alikohoa, akatokwa na machozi, akacheka. Osob alipoleta maziwa, waliyachemsha, Ramlo akapima joto kwa kipimajoto, wakayapoza kwa barafu na kuyamimina katika mikebe iliyofukizwa.

Saa saba Bi Ruweyda akarudi. Akanywa funda moja. Akanywa la pili, la tatu, akanyoosha kikombe kitupu.

"Ongeza! Na Ijumaa nataka lita ishirini za haya haya."

Kelele za shangwe ziliwatoa hata walimu ofisini. Hinda alimkumbatia Ramlo na kumwomba msamaha.

Bi Ruweyda alingoja watulie, wakamsimulia kazi yote, tangu moshi wa nyanya yake Yahye hadi kipimajoto. "Mwenyekiti, nimesimamia watu miaka mingi. Dunia inabadilika. Kila mwaka hotelini kunazuka jambo nisilolijua, ndiyo maana nahitaji masikio kuliko mdomo. Kipimajoto ni kizuri, na moshi wa nyanya ni mzuri, lakini hungejua bila kuwasikiliza wenzako. Asubuhi ulikuwa na cheo tu. Ulipokiri kosa na kumpisha anayejua, ndipo ulipoanza kuongoza. Kuuliza si ujinga, binti yangu."

Hinda aliitikia kwa kichwa, kisha akawageukia wenzake. "Kabla hatujapanga kazi ya Ijumaa, nani ana la kusema?"

Yahye alikuwa wa kwanza kuinua mkono. "Mimi! Sabuni yako ibaki nyumbani."

Hinda alicheka kuliko wote, akaliandika la Yahye mwanzoni kabisa mwa daftari la klabu.