Neno Moja la Utani

— Wewe, toa kitambulisho!

Nikapapasa mifuko kama mtu aliyesahau. Januari ile ya 2008, ghasia za uchaguzi zikiwaka, kwenye kizuizi cha vijana wa mtaa wa Gatina, jina la Kijaluo kama Oyoo lilikuwa hukumu tayari.

— Mwacheni, huyo ni shemeji yangu!

Makau, kakake mpenzi wangu Wayua, aliruka mbele yangu. Jiwe nililorushiwa mimi likampata yeye kwenye paji la uso. Tukatoka mbio hadi kwao.

Wayua alimfunga leso kichwani, lakini macho yalikuwa kwangu.

— Umetoka kwenu Kibera, kijiji cha Raila, kwa miguu? Hukuona meseji yangu?

— Niliiona.

Ilikuwa neno moja tu, la Kijaluo: "BI."

— Nilikukataza na bado ukakuja! Unakumbuka ile riwaya ya shule? Ulicheka jamaa kufia demu wake.

— Nilisema angemwandikia barua, akae akunywe chai.

— Leo wewe ndiye yule shujaa.

Makau akanung'unika:

— Shujaa ni yeye, damu ni yangu.

Ningenyamaza. Nani hapendi kuitwa shujaa? Lakini leso ilikuwa inazidi kuloa.

— Wayua, siku ile uliniuliza "kaa huko huko" kwa Kijaluo ni nini...

— Ni "bi".

— Nilikuwa nakutania. "Bi" ni "njoo".

Aliikaza leso hadi Makau akaguna.

— Kumbe ni mimi nilikuita? Nikuite uuawe?

— Nilidhani uko kwa shida. Nikakimbia.

— Yule jamaa wa riwaya alikuwa na kiburi, hasira, wivu, kila kitu. Lakini neno lake demu wake angeliamini, angelilalia kama mkeka. Hilo ndilo nilimpendea, sio kufa. Hata kuku hufa, Oyoo.

— Wayua, pole...

— Muombe huyu. Halafu uende.

Nilimuomba Makau msamaha. Akanipitisha vichochoro mpaka Olympic, karibu na kwetu, leso bado kichwani.

Wiki sita simu yangu ilikuwa kama tofali. Machi, wakubwa walipokwisha kupeana mikono, ikatetema.

"BI."

Nikaandika: "Ile yangu ama ile ya ukweli?"

Dakika kumi. Nilizihesabu zote.

"Ya ukweli, mjinga wewe. Makau amepona, amebaki na alama tu. Na usikuje peke yako, kuja na wazee."

Nikatoka mbio kutafuta wazee. Wale wasiojua utani.