Vitambaa Kumi na Vitatu

Kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani kwao Kiwalani, mama yake Loveness hukunja khanga tatu safi na kuzitia mkobani. Khanga hizo ni za watoto wa kituo cha kutwa anachofanyia kazi kule Vingunguti, watoto wenye ulemavu ambao wengine hawatembei na wengine hawasemi. Wiki ile ya likizo ya Juni mkoba ulikuwa na daftari na kalamu tu. Mama alikuwa anakwenda kwenye mafunzo ya wahudumu, naye aliona afadhali aende na Loveness kuliko kumwacha mtoto wa miaka kumi na miwili azurure mtaani.

"Nimekuombea ruhusa," mama alimwambia njiani. "Usije ukanitia aibu."

"Sawa, mama."

Mafunzo yalifanyika katika shule moja ya ghorofa, tupu kwa sababu ya likizo. Shule isiyo na wanafunzi haizoeleki. Viti vilikuwa vimepandishwa juu ya meza, ubao ulikuwa na hesabu ambayo hakuna aliyeimalizia, na ukikohoa huku, ulisikia kitu kikikohoa kule mwisho wa korido. Loveness hakupapenda hata kidogo.

Mchana, mkufunzi wao, Mwalimu Gaspar, mzee mrefu asiyepandisha sauti, aliwagawa wahudumu makundi mawili. Kundi la mama lilipanda ghorofani. Simu na saa zikakusanywa kikapuni. Watu kumi na wawili wakaketi, wakafungwa vitambaa vyeusi machoni.

"Hakuna kusema, hakuna kuinuka, hakuna kufungua kitambaa mpaka kengele ilie," alisema Mwalimu Gaspar. "Kati ya mnaowahudumia wapo wasioona, wapo wasiosema, na wapo wasioweza kuondoka pale mlipowaweka. Leo kaeni mahali pao, dakika kumi na tano tu."

Kisha akamgeukia Loveness. "Binti, mimi nina kundi lingine chini. Shika saa yangu na kengele hii. Ikifika saa saba na robo, piga. Utaweza?"

"Nitaweza, mwalimu. Sibanduki hapa."

Loveness alifunga mlango, akaketi koridoni. Humo ndani hakukusikika hata mkwaruzo. Baada ya dakika tano alichungulia. Wote walikuwa wameketi vilevile, mikono magotini, nyuso zimeelekea mlangoni kana kwamba wanamwona. Aliufunga mlango harakaharaka, na hapohapo akasikia kelele za wasichana uwanjani wakicheza rede. Sauti za watu! Akaivaa saa mkononi, akaifunga kengele ndani ya mtandio isilie, akashuka. Alijiambia kwamba atarudi sasa hivi.

"We dada, tumepungukiwa mmoja!" aliita Ibtisam, msichana anayekaa jirani na shule. "Ingia katikati!"

Loveness akaingia. Alikwepa mpira hata wenzake wakampigia makofi. Alicheza mpaka ndege ikapita chini mno juu ya mapaa, kivuli chake kikakata uwanja, na wasichana wote wakaziba masikio. Naye aliinua mkono kuziba lake, ndipo akaiona saa. Saa nane kasoro dakika ishirini.

Alipanda ngazi mbiombio. Mlango aliokuwa ameufunga ulikuwa wazi kidogo. Akausukuma.

Hawakuwa kama alivyowaacha. Mwanamume mmoja alikuwa amenyoosha mkono mbele, anatafuta kitu hewani. Mwingine alikuwa anayumba mbele na nyuma. Mwanamke mmoja alikuwa ametoka kwenye kiti, amesimama kwenye kona, uso ukutani, anapapasa ukuta polepole kwa viganja vyote viwili. Alikuwa mama yake. Kandambili za Loveness zikalia sakafuni, na nyuso zikamgeukia kwa pamoja.

Kwa woga akaanza kuwahesabu. Kumi na mmoja, kumi na wawili, kumi na watatu. Akarudia. Walikuwa kumi na watatu. Nyuma kabisa, karibu na dirisha, alikuwapo mtu ameinamisha kichwa, naye amefungwa kitambaa. Loveness akapiga kengele kama anayefukuza kitu.

"Zimeisha?" aliuliza Sadallah, mhudumu kutoka Tandale, akifuta jasho. "Mie nilidhani mmetusahau! Dakika kumi na tano ndiyo ndefu hivi?"

"Ndiyo, zimeisha," alisema Loveness, mkono wenye saa ukiwa mgongoni.

Mama yake alijiachia chini, akakaa sakafuni. "Kumi na tano tu, mie zimenishinda," alisema. "Nimeona kama nimezikwa. Sasa wale watoto nawahudumiaje? Kumbe miaka sita yote hii kazi siiwezi. Kesho sirudi hapa, na kituoni nitakwenda kuaga."

Maneno hayo yalimchoma Loveness. Mama yake aliipenda kazi ile kuliko chochote, na sasa alikuwa anaiacha kwa sababu ya uongo wake. Kule nyuma yule mtu wa kumi na tatu hakuwa amefungua kitambaa. Alikuwa ametulia tu, anasubiri.

"Mama, si kumi na tano," Loveness alisema huku analia. "Ni arobaini. Nilikwenda kucheza rede. Nisamehe, mama. Aliyekosa ni mimi, si wewe."

Mtu wa kumi na tatu akafungua kitambaa. Alikuwa Mwalimu Gaspar.

"Saa ya ukutani kule chini ilipofika saa saba na dakika ishirini nilipanda, nikakuta hakuna mtu mlangoni," alisema. "Nilitaka kuwafungua. Kisha nikajiuliza, nafundisha jambo hili miaka yote, je, mimi mwenyewe nimewahi kusubiri bila kujua nitatolewa lini? Nikajifunga. Jamani, hata mimi niliogopa. Na kosa la kwanza ni langu, nilimwachia mtoto kazi ya mtu mzima."

Akawatazama mmoja mmoja. "Wiki iliyopita, nani alimwambia mtoto 'nakuja sasa hivi', kisha akakawia?"

Mama yake Loveness ndiye aliyeinua mkono kwanza.

"Hope," alisema. "Ijumaa nilimweka kwenye kona yenye kivuli, uso ukutani. Nikamwambia nakuja, nikaenda kufua. Niliporudi alikuwa anapapasa ukuta. Nikadhani anacheza."

"Basi kazi unaiweza, mama," alisema Mwalimu Gaspar taratibu, "kwa kuwa sasa unajua alichokuwa anafanya. Na wewe Loveness, umesema kweli kabla hatujakubana, nami nakushukuru. Lakini kumbuka, mtu asiyeweza kukufuata hana kingine cha kushika isipokuwa neno lako. Ukisema utarudi, rudi. Ukichelewa, mwambie kweli."

Jumatatu Loveness alifuatana na mama yake hadi Vingunguti. Kabla ya kwenda kufua, mama alikigeuza kiti cha Hope kikatazama uani.

"Hope, mwanangu, nafua khanga tatu, kisha narudi," alimwambia.

Loveness akaketi kando ya kiti na kuzihesabu khanga kwa sauti kila moja ilipoanikwa. Ilipofika ya tatu, mama akarudi.