Kiti cha Dirishani Kutoka Songea

Rafiki yangu Philemoni, mkadiriaji majengo mstaafu wa Engutoto, Arusha, hakuwahi kusafiri bila kupiga hesabu. Kutoka Songea hadi Arusha ni kilomita mia nane na ishirini za angani. Kwa ndege ndogo, mwendo wa saa mbili. Hesabu hiyo ndiyo aliyomtajia mdogo wake Fransiska alipopiga simu kutoka Songea, pumu imembana, akiomba arudishwe nyumbani.

"Mapafu yako hayatastahimili saa mbili angani."

"Kaka, wewe ulizaliwa na rula mkononi? Nikatie tiketi, nikae dirishani niuone Mlima Meru."

Hakukata. Ukweli ni kwamba hakutaka kuuguza mtu nyumbani kwake.

Wiki tatu baadaye alikuwa akirudi kutoka kumzika, na kiti cha dirishani kando yake kilikuwa kitupu. Walipokaribia Meru, ndege ikaingia katika wingu zito, giza likajaa ndani. Chini ya mngurumo wa injini akasikia pumzi ikivutwa kwa mluzi mwembamba, kama alivyokuwa akihema Fransiska. Akainamisha kichwa kwa aibu, asithubutu kugeuka.

Walitua kwenye uwanja wa Kisongo, Arusha. Injini zilipozimwa, akatazama saa yake: mwendo wa saa mbili kamili ulikuwa umetimia. Ndipo alipogeuka. Kwenye kioo, upande wa ndani, palikuwa na duara la ukungu, usawa wa uso wa mwanamke aliyeketi. Lilififia taratibu. Kisha, katika ukimya ule, likatanda tena.