Kinasaujira na Upatu wa Karakana

Jumatatu, tarehe 5 Machi, mwaka 2091, katika jiji la Tanga, Mwanaidi Shekalaghe aliketi mbele ya kinasaujira akitabasamu kama bibi harusi. Maishani mwake hakuwahi kuona mtambo mzuri kama ule.

Kilikuwa kioo cha duara, kikubwa kama sinia la pilau, na kilikuwa na kazi moja tu. Mwombaji wa kazi alipotaja mshahara aliokuwa akilipwa alikotoka, kinasaujira kiliziuliza benki na waajiri wake wote wa zamani kwa pamoja, kisha kikatoa jibu kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Zamani mwajiri alidai hati za malipo, akapiga simu, akangoja majibu wiki nzima, na bado wajanja wakapenya. Siku hizi kioo kikiwa kijani, umesema kweli. Kikiwa chekundu nawe ukatoka mlangoni, jina lako hubandikwa alama ya uongo, na kila mwajiri nchini huiona.

Kiwanda alichokuja kuomba kazi kilishona matanga ya anga, yale mapana yanayosukumwa na mwanga wa jua kuvipeleka vyombo sayari ya Mirihi. Mwanaidi, aliyezoea kuunga nyaya nyembamba katika karakana ya taa, aliitamani kazi hiyo hata akaiota.

“Taja mshahara wako wa mwisho,” kikasema kinasaujira.

“Shilingi laki tisa kwa mwezi.”

Kioo kikawaka chekundu.

“Si kweli. Mwezi mmoja ulipokea mishahara ya watu wengi kwa mpigo. Miezi iliyofuata hukupokea chochote.”

Bwana Ombeni Kisanga, afisa wa ajira, akavua miwani. “Bi Mwanaidi, mtu hulipwaje hivi? Mwezi huu mafuriko, mwezi ujao ukame?”

Mwanaidi akaangua kicheko. “Lo! Bwana Kisanga, huo ni upatu wetu! Sisi wanawake wa karakana tulikuwa tukipokezana mishahara, kila mwezi zamu ya mmoja. Kwa kuwa ada za kutumiana zilitutafuna, tulimwomba mhasibu aingize mishahara yetu yote moja kwa moja kwa mwenye zamu. Tulijiona tumeizidi benki akili!”

“Na wasio na zamu walikula nini?”

“Vitumbua, bwana. Kila mmoja alikuwa na kikaango chake alfajiri. Tuliuza, na vilivyobaki tukavila wenyewe.”

Kisanga akacheka pia. “Basi jambo ni jepesi. Kinasaujira kinaweza kuunganisha malipo ya wanachama wote na kuona ukweli. Sheria yataka kitu kimoja tu: kila mwanachama akubali kwa sauti yake mwenyewe. Kinasaujira, wapigie.”

Hapo furaha ikamtoka Mwanaidi kama maji kwenye pakacha. Alimkumbuka Nyangoma.

Nyangoma alipougua, karakana ilisitisha mshahara wake. Wenzake wakala kiapo kwamba zamu yake itamfikia kama kawaida, na kwamba hakuna atakayelitaja jambo hilo, hata siku ya kugombana. Malipo yakifunguliwa, kila mtu angeona kwamba Nyangoma alipokea bila kutoa.

“Basi, bwana,” akasema, akisimama. “Niache na wekundu wangu.”

“Ukitoka mlangoni, alama hiyo haifutiki.”

“Na kiapo hakifutiki.”

Lakini kinasaujira hakikuwa na desturi ya kungoja. Sauti za wanawake wa upatu zilikwisha kuanza kumiminika kutoka kiooni.

“Mwanaidi! Umeiba nini huko?” alipaza Mama Kibua, mkubwa wao. “Mimi nafungua! Mpeni kazi huyo, ila msimkaribishe jikoni. Vitumbua vyake vilikuwa mawe!”

“Nafungua nami!” akadakia mwingine, na mwingine, kwa vicheko. Kisha ikaja sauti ya taratibu.

“Nami Nyangoma nafungua.”

“Shoga, tafadhali, usi—”

“Nyamaza, mwenzangu. Mlinisitiri vya kutosha. Leo zamu yangu.”

Kioo kikazunguka. “Mwanachama huyu alipokea bila kutoa. Je, ni mkopo, ni zawadi ya mwajiri, au ni kosa?”

“Si lolote katika hayo,” akajibu Nyangoma. “Nilikuwa kitandani. Wenzangu walikula vitumbua vilivyolala ili mimi ninunue dawa.”

Kwa mara ya kwanza tangu kifungwe kiwandani, kinasaujira kilizunguka mara ya pili. Kisha kikawa kijani kama jani la mgomba.

“Laki tisa kwa mwezi. Ni kweli. Malipo ya Nyangoma: sababu haimo katika orodha.”

Vigelegele vikapasuka kutoka kiooni, na Mwanaidi akavipokea hadi machozi yakamtoka. Kisanga pekee hakusherehekea.

“Kinasaujira,” akasema polepole, “nionyeshe wote uliowapa wekundu kwa mafuriko na ukame kama huu.”

Nyuso zikaanza kupita kiooni. Zikaendelea kupita. Mwanaidi akakigusa kioo kwa kidole.

“Yule ni jirani yangu! Tangu aitwe mwongo hajatafuta kazi tena. Hata msibani hukaa pembeni.”

“Alama hizo zote nilizitia saini mimi,” akasema Kisanga. “Sikumuuliza hata mmoja.”

Mwanaidi akajifunga khanga kiunoni, akavuta kiti karibu na kioo.

“Kazi si nimepata, bwana? Basi naianzia hapa. Mpigie huyo jirani yangu.”

Nawe uliyesoma hadithi hii, usiifungie kabatini. Mpelekee mwenzako aliyewahi kuambiwa na mtambo kwamba ni mwongo, umwambie arudi, na safari hii adai aulizwe.