Gundi ya Fundi Besi

Sogeeni, ndugu zangu, niwasimulie yaliyompata Mama Chiriku, maana yangeweza kumpata yeyote kati yetu mwenye mlango wa kufunga na aibu ya kuficha.

Nyumba ile ilikuwa tulivu. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Besi, alitengeneza spika za zamani, zile kubwa za mbao ambazo watu wamerithi kwa baba zao. Spika hizo huanza kuzeeka ukingoni. Ule mduara wa sponji unaoishika koni ya karatasi huoza ukawa unga mweusi, na sauti ikawa kama ya mtu mwenye mafua. Fundi Besi alikwangua unga huo kwa kisu butu, akapaka gundi, akalaza sponji mpya kwa ncha za vidole, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Binti yao mdogo alikaa chini ya meza akiongea bila kituo, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Mama yake aliwasikia kutoka uani alikokuwa akifua, na roho yake ilitulia.

Kisha mlango wa karakana ukaanza kufungwa. Fundi alisema upepo unaleta vumbi, na vumbi na gundi havipatani. Mkewe akakubali, kwani yeye na spika wapi na wapi? Lakini mumewe akawa anatoka mle macho mekundu, akicheka peke yake. Ukimuuliza la leo, anajibu la juzi. Mteja mmoja alilalamika kwamba koni imebandikwa upande, akatukanwa matusi ambayo Fundi hakuwa nayo kinywani tangu azaliwe.

Siku moja akifagia karakana, Mama Chiriku alikuta nyuma ya makopo mifuko ya plastiki iliyokunjwakunjwa, ndani yake gundi imekauka. Alimuuliza mumewe kwa upole, naye akamkazia macho.

"Harufu ya kazi nayo imekuwa kosa?"

Hakuuliza tena. Alimwogopa mumewe, na zaidi aliogopa midomo ya watu. Wifi yake alipokuja na kushangaa jinsi kaka yake alivyokonda, alimwambia ni homa. Wateja aliwaambia ni uchovu. Alijifunza kusikiliza hatua za mumewe akiwa bado mlangoni, ajue amwondoe mtoto au amwache. Najua mnamlaumu. Msifanye haraka; kila nyumba ina chumba chake kisichoonyeshwa wageni.

Mchana mmoja alirudi kutoka kuteka maji akakuta kimya. Alimwita Chiriku, hakuitikiwa. Kutoka karakana ulisikika mlio mmoja mzito wa kujaribia spika, usio na wimbo wala mwisho, ukitetemesha vioo. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Ndala za mtoto zilikuwa nje ya kizingiti.

Na hapa, ndugu zangu, alifanya jambo linalomshtua usingizini hadi leo. Kabla ya kupiga kelele, alikimbia kufunga geti ili majirani wasisikie. Ndipo akarudi kuchungulia kwenye ufa wa mlango. Aliona mguu mdogo sakafuni. Haukusogea.

Alipiga yowe. Aliyetangulia kufika, kwa kuruka ukuta na kuwafungulia wengine geti, alikuwa jirani yao mtengeneza mageti. Alipoona komeo la chuma kupitia ule ufa, akaagiza mashine yake ya kukatia vyuma, na waya ukachomekwa kwenye umeme. Aliwaambia watu wakae mbali, cheche zitaruka. Mama Chiriku alifikiria makopo yaliyo wazi mle ndani, na hewa ile. Ili kumzuia jirani ilibidi aseme kwa nini.

"Usiwashe," alisema.

"Mama, mtoto yumo ndani."

"Ndani kumejaa mvuke wa gundi. Ukitoa cheche tutaungua sote, na mtoto kwanza." Akamsogelea. "Mume wangu anavuta gundi. Nimejua siku nyingi."

Hakuna aliyecheka. Jirani alichomoa waya, akaitisha mtaimbo, na wanaume wakang'oa bawaba. Harufu iliyotoka iliwachoma macho. Fundi Besi alikuwa ameegemea ukuta, macho wazi, anatabasamu, hamwoni mtu. Chiriku alilala kando ya spika, midomo imekuwa rangi ya majivu. Walimtoa kwenye upepo. Mama yake alimwita na kumwita, mtoto yuko kimya. Ni ndani ya gari, karibu na hospitali, ndipo alipotapika na kulia.

Chiriku alipona, ingawa hadi leo hakai chumba kilichofungwa. Baba yake alitibiwa muda mrefu, akaacha. Lakini daktari aliwaambia wazi kwamba vingine vilivyoliwa na gundi havirudi. Mikono yake inatetemeka. Hawezi tena kulaza sponji ikae sawa.

Siku moja Fundi alimuuliza mkewe kwa nini hakumwambia wifi yake mapema. Mkewe alijibu kwamba alimwogopa yeye, mumewe.

"Nilipokuwa nakukaripia," alisema Fundi, "nilikuwa naomba atokee mtu wa kunizidi nguvu."

Mafunzo

Wenzangu wenye kazi za gundi na rangi, fungueni madirisha, na watoto wasicheze mnapofanyia kazi. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: mficha uchi hazai. Kumficha mraibu si kumpenda. Ukimfichia, unamsaidia kufa, na huenda asife peke yake. Ukiona dalili nyumbani kwako, usingoje mtaimbo. Nenda leo kwa wifi, kwa shemeji, kwa daktari, kwa yeyote mwenye masikio. Watu watasema, ndiyo. Watasema mpaka wachoke, kisha watapata la mwingine, na wewe utabaki na mtu wako akiwa hai.